Mizani, Githeri na Waya za Kichwani

Ukianza safari Kianjokoma, mahali ambapo majani chai yamevika matuta hadi ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, ukateremka kupitia mashamba ya kahawa ya Runyenjes na kuishia Ishiara kwenye nyanda kame za Mbeere, utakuwa umepita nchi tatu kabla ya jua kufika utosini. Juu watu wanavaa masweta mwezi wa Julai na mbu ni wa kutafutwa. Katikati ni kahawa, makadamia na ng'ombe wa zizini. Chini ni mtama, ndengu, mbuzi na muguka, na malaria pia. Meru nayo ina mteremko wake: ngano na baridi ya Timau, migomba ya Imenti, miraa ya Igembe, hatimaye nyika inayoingia kwenye mbuga ya wanyama. Kifafa kipo katika kila kituo cha safari hizo, ila hakifiki kote kwa njia moja.

Swali langu ni hili. Ubongo umechunguzwa Kenya kwa takriban miaka 90. Uchunguzi huo umemletea nini mtu anayeanguka kifafa kwenye miteremko hii, na kwa nini wengi kama yeye bado hawamezi kidonge cha fenobabitali, ambacho dunia imekuwa nacho tangu 1912?

Kwanza ugonjwa wenyewe. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo mno, kila kundi kwa zamu yake, kama wapiga ngoma wanaopokezana mdundo. Mshtuko wa kifafa hutokea seli nyingi mno zinapopiga kwa mpigo mmoja na zamu ikavunjika. Zikiwa zile zinazoongoza mkono, mkono hutikisika peke yake. Zikienea ubongo mzima, mtu huanguka, hukakamaa, hutupa miguu na mikono, pengine akauma ulimi au kujikojolea. Kuna aina nyingine isiyo na kishindo: mtoto anakodoa macho darasani kwa sekunde kumi, mwalimu anamwadhibu kwa kuzubaa, na hakuna anayejua kwamba amepoteza fahamu na kurudi. Hali ya mshtuko kumrudia mtu bila homa au sababu nyingine ya papo hapo ndiyo kifafa. Mishtuko ya mtoto mwenye homa ni kitu kingine, na Kiswahili kimeipa jina lake, degedege. Jina hilo limebeba ndege ndani yake, kwa kuwa pwani kuna simulizi za ndege mbaya ambaye kivuli chake humwangukia mtoto. Na neno kifafa, ukilisikiliza, unasikia kufa.

Umeme huo ulinaswa kwa mara ya kwanza kutoka kwenye kichwa cha binadamu na Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa mji wa Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Aliyaficha matokeo kwa miaka mitano akihofia kuchekwa, akayachapisha 1929. Kipimo chake ndicho tunachokiita EEG: waya zinabandikwa kichwani, mashine inachora mawimbi. Hazichomi, hazipitishi umeme ndani ya mtu, zinasikiliza tu.

Wakati Berger alipokuwa anasikiliza, Nairobi kulikuwa na watu waliokuwa wanapima uzito.

Hili ni jambo ambalo watu wa Embu na Meru wanastahili kulijua vizuri, maana liliwagusa kwa jina. Mwaka 1934 F. W. Vint, mtaalamu wa patholojia katika maabara ya serikali ya kikoloni, alichapisha uchunguzi wa bongo za Waafrika wa Kenya waliofariki. Alizipima uzito, akapima unene wa gamba la nje kwa darubini, akazilinganisha na za Wazungu, akaandika kwamba za Waafrika zina upungufu. Mwenzake H. L. Gordon, aliyekuwa daktari wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, aliyabeba matokeo hayo hadi Uingereza kama hoja dhidi ya kumsomesha Mwafrika sana. Baadaye Mathari ilikabidhiwa J. C. Carothers, aliyeingia 1938 bila mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya akili. Mwaka 1951 Carothers aliandika kwamba Mwafrika hautumii vya kutosha ubongo wake wa mbele, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika. Na 1954, watu wa Embu na Meru walipokuwa wamehesabiwa kundi moja na Wakikuyu chini ya amri za Hali ya Hatari na kusukumiwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki, serikali ilimtumia Carothers huyohuyo kueleza saikolojia ya Mau Mau. Madai ya watu juu ya ardhi yao yakageuzwa kuwa dalili za kichwa chenye kasoro.

Mizani ya Vint huenda ilikuwa sawa kabisa kama mizani. Swali lake ndilo lililopotoka. Aliyekatwa ubongo alikuwa maskini, mara nyingi mtu aliyeugua na kukosa lishe, naye alilinganishwa na mtu aliyeshiba, kisha pengo likaitwa la kabila. Na katika kazi yote ile, mgonjwa wa kifafa aliyefungiwa Mathari pamoja na wagonjwa wa akili hakupata faida hata moja. Ninalikumbusha kwa sababu mtafiti akifika leo kijijini na waya zake, akakuta mzee hataki mjukuu wake aguswe kichwa, aelewe kwamba shaka hiyo haikuzuka hewani.

Utafiti wa namna nyingine ulianza mwaka 1989, mbali na mlima, huko Kilifi, pwani. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, pamoja na wafadhili wa Wellcome walifungua kituo kando ya hospitali ya wilaya, na miongoni mwa waliofika mwanzoni alikuwa Charles Newton, daktari wa watoto na neva aliyesomea udaktari Cape Town. Kazi yake ya maisha ni mfano mzuri wa jinsi swali moja linavyozaa lingine pale mtafiti anapokaa. Alianza na mtoto aliyelala bila fahamu kwa malaria iliyopanda kichwani. Kwa nini wengine wanakufa hata baada ya kwinini? Mwaka 1991 yeye na wenzake walionyesha kwamba shinikizo ndani ya fuvu la watoto hao hupanda kupita kiasi. Timu ya Kilifi ikawabandika watoto waya za EEG palepale wodini, na ikaonekana jambo ambalo jicho lilikuwa halilioni: baadhi ya watoto waliodhaniwa wametulia walikuwa katikati ya mshtuko. Dalili pekee ilikuwa kidole kinachocheza, jicho lililogeukia upande mmoja, pumzi iliyokwenda kombo. Mama alishukuru kwamba mtoto amelala, na kumbe ubongo ulikuwa unaungua.

Hatua iliyofuata ingeonekana wazi kwa yeyote: wapewe dawa ya kuzuia mishtuko mapema. Jane Crawley, Newton na wenzao walilijaribu hilo kwa watoto 340, nusu wakipata sindano moja ya fenobabitali na nusu wakipata sindano isiyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Mishtuko ilipungua zaidi ya nusu. Lakini katika kundi la dawa walifariki watoto 30, na katika kundi lingine 14. Dozi ile, hasa ikikutana na dayazepamu, dawa ya kukata mshtuko, ilizima pumzi za watoto katika hospitali isiyo na mashine za kupumulia. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na kila mara linaniuma, lakini ninawaheshimu waliolichapisha bila kulipamba. Hospitali nyingi za Afrika zilikuwa katika hali hiyohiyo ya Kilifi, na bila jaribio lile tiba iliyoonekana ya huruma ingeendelea kuua bila mtu kuhesabu.

Kisha lilikuja swali la waliopona. Mwaka 2004 Julie Carter pamoja na Newton na wengine walirudi kwa watoto waliowahi kulazwa kwa malaria kali. Kati ya waliopoteza fahamu kabisa, asilimia 9.2 walikuwa na kifafa. Kati ya waliokuwa na malaria yenye mishtuko mizito, asilimia 11.5; kati ya wenzao wasiougua hivyo, asilimia 2.2. Malaria ilikuwa imeacha kovu, na kovu linapiga umeme. Baadaye, malaria ilipopungua pwani, Symon Kariuki na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba degedege zilizofikisha watoto hospitalini nazo zilipungua. Chandarua, kwa maneno mengine, ni dawa ya kifafa inayotolewa miaka kabla ya kifafa.

Hapo ndipo mteremko wa Embu unapoingia. Maelezo ya Kilifi ni ya Kilifi. Mtu wa Ishiara, mwenye joto na mbu, anaweza kuyavaa yakamkaa. Mtu wa Kianjokoma hawezi. Kwake lazima tutafute kwingine: uzazi uliochelewa, mtoto akakosa hewa wakati wa kuzaliwa, pigo la kichwa kwenye bodaboda isiyo na kofia, homa ya uti wa mgongo, kiharusi kwa mzee, damu ya ukoo. Penye ufugaji wa nguruwe bila vyoo vizuri, mayai ya tegu humezwa na binadamu na mabuu yake hujenga vifuko ndani ya ubongo. Mwaka 2013 Anthony Ngugi na wenzake walichapisha kazi iliyopita kwa watu zaidi ya 580,000 katika vituo vitano vya Afrika: Kilifi, Ifakara kule Tanzania, Iganga na Mayuge Uganda, na vingine Ghana na Afrika Kusini. Kifafa chenye mishtuko ya mwili kilikuwa takriban watu 8 kwa kila 1,000 Kilifi, na karibu 15 kwa kila 1,000 Ifakara. Nchi jirani, lugha moja, na karibu maradufu. Matatizo ya uzazi, majeraha ya kichwa na vimelea mbalimbali vilijitokeza kama visababishi, kila mahali kwa kipimo chake. Katika Embu, tofauti za namna hiyo zinaweza kupangwa kwenye barabara moja ya matatu. Kama ningekuwa kijana ninayeanza ubingwa wa neva, ningeiona barabara hiyo kama hazina: kabila karibu moja, chakula karibu kimoja, na mwinuko unaobadilika.

Embu kwanza si mgeni wa utafiti wa ubongo. Kati ya 1998 na 2000, katika shule 12 za msingi za Kyeni, Charlotte Neumann wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo, profesa wa tiba ya watoto wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliongoza jaribio ambalo ninalipenda kwa sababu chombo chake kikuu kilikuwa sufuria. Watoto zaidi ya 500 waligawanywa kwa shule. Wengine walipewa githeri yenye mafuta zaidi, wengine githeri na maziwa, wengine githeri yenye nyama ya kusaga, na kundi la nne halikupewa kitu shuleni; familia zao zilipewa mbuzi wa maziwa mwishoni. Waliokula nyama waliwapita wenzao katika mtihani wa kutambua mifumo na kufikiri, na uwanjani walionekana wachangamfu zaidi, wenye kuongoza michezo. Vitamini B12, chuma na zinki, vitu ambavyo mahindi na maharagwe peke yake havitoshelezi, vilikuwa vinafanya kazi kwenye vichwa vya watoto wale.

Weka Kyeni kando ya Vint. Kizazi kimoja kilipima ubongo wa mtu asiyeshiba kikauita duni. Miaka 60 hivi baadaye, wengine waliongeza kipande cha nyama katika githeri na ubongo uleule ukajibu. Sijui jibu bora zaidi kwa Carothers, na limetoka Embu.

Turudi kwa mgonjwa. Je, ili atibiwe anahitaji daktari bingwa, EEG na picha ya MRI? Vipimo hivyo vina kazi yake. Mshtuko wa ajabu, kifafa kisichosikia dawa, uvimbe unaoshukiwa: hapo bingwa ni lazima. Lakini wengi hawahitaji kuanzia huko, na Kenya ilikwisha kulithibitisha. Mwaka 1991 A. T. Feksi na wenzake walichapisha kazi ya Nakuru ambapo wagonjwa 302, wengi wao wa vijijini na hawajawahi kutibiwa, walipewa fenobabitali au kabamazepini kupitia huduma za afya za kawaida. Baada ya mwaka mmoja, zaidi ya nusu ya waliomaliza hawakuwa na mshtuko tena, na robo nyingine walikuwa wamepunguza kwa zaidi ya nusu. Dawa hizo mbili zilienda sawa, ile ya bei ghali na ile ya bei rahisi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mishtuko wakitambuliwa na kutibiwa vizuri.

Basi kwa nini hawatibiwi? Caroline Mbuba na wenzake, mwaka 2012, hawakuishia kuwauliza watu wa Kilifi kama wanameza dawa. Waliipima damu yao. Asilimia 62.4 hawakuwa na dawa iliyoonekana kwenye damu. Waliokuwa mbali na kituo, zaidi ya kilomita 30, walikosa zaidi. Waliolazimika kulipia dawa walikosa zaidi. Wenye imani za dini za jadi nao walikosa zaidi. Na kukosa huko kuna bei: ufuatiliaji mwingine wa Kilifi ulionyesha kwamba wenye kifafa walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara sita ya majirani zao, wengi kwa mshtuko usiokatika, na walioacha dawa ndio walioumia zaidi.

Ninaposoma orodha hiyo ninaiona miteremko yetu. Mama wa Tharaka anayetafuta nauli ya kufika hospitali ya rufaa Meru kila mwezi, akafika akaambiwa dawa zimekwisha kwenye duka la hospitali, anunue nje. Akinunua nje, ananunua za wiki mbili. Wiki ya tatu hakuna, na dawa ya kifafa ikikatwa ghafla mshtuko hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Kijijini watasema dawa ya hospitali imeshindwa, na safari inayofuata itakuwa kwa mganga au kwenye mkesha wa maombi. Simlaumu mama, wala simdharau mchungaji anayemwekea mtoto mikono. Ninachoomba kwa mchungaji ni neno moja tu mwishoni mwa maombi: endelea kumeza.

Kuna mambo ya hapa kwetu ambayo hayamo kwenye makaratasi ya pwani. Miraa na muguka humweka mtu macho, na kukosa usingizi ni kichocheo kinachojulikana cha mishtuko kwa mwenye kifafa. Kijana wa Igembe anayefunga vibunda usiku ili gari liondoke mapema, au dereva wa Mbeere anayetafuna ili asisinzie, anauweka ubongo wake mahali pabaya hata kama jani lenyewe lisingekuwa na kosa. Pombe kali nayo ina mtego wake: mshtuko mara nyingi huja ndani ya siku mbili za kwanza baada ya mlevi wa muda mrefu kuacha ghafla. Halafu kuna jiko la mafiga matatu. Mwanamke mwenye kifafa anayepika chini, karibu na moto, peke yake, yuko hatarini kila jioni. Jiko lililoinuliwa na mtu wa kukaa naye ni tiba pia. Hata kijiko: mtu akianguka bado kuna wanaomlazimishia kijiko katikati ya meno, wakavunja meno na kuziba hewa. Mlaze ubavu, legeza kola, ondoa mawe na moto karibu, tazama saa. Mshtuko ukipita dakika tano, tafuta gari.

Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo swali la fenobabitali kuwapo au kutokuwapo kwenye hospitali ya Ishiara linaamuliwa Embu, si Nairobi. Na mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na kaya zake. Hao ndio waliopo mlangoni. Shirika la KAWE, lililoanza 1982 kuwatetea wenye kifafa nchini, limeonyesha kwa miaka mingi kwamba kliniki ndogo na mtu aliyefunzwa hutosha kuanzia. Ninaamini mhudumu wa kaya 100 akifunzwa maswali matano angewafikia wengi ambao mashine ya EEG haitawafikia kamwe.

Maana utambuzi wa kifafa, hata kwa bingwa mwenye miaka 30 ya kazi, bado unaanzia kwa aliyeona. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki kitu. Anayekumbuka ni nyanya aliyekuwa anachambua ndengu uani.

"Nyanya, alianza vipi?"

"Aliniangalia, lakini hakuwa ananiona. Mdomo ukavutwa upande huu wa kushoto."

"Mkono je?"

"Wa kushoto, daktari. Kwanza vidole, halafu mkono wote. Ndipo akaanguka."

"Baada ya hapo?"

"Alilala. Nikimwita haitikii. Jua lilikuwa hapa, akaamka likiwa pale."

Anaonyesha kwa kidole urefu wa kivuli cha mwembe. Ubongo unaongoza mwili kwa kupishana, kwa hiyo nyanya ameshamwambia daktari kwamba umeme ulianzia upande wa kulia, na kwamba ulianzia mahali pamoja kabla ya kuenea. Daktari anaandika. Swali linalobaki ni kama dirishani, mwisho wa korido, kuna vidonge vya mwezi mzima.